Siku Nilipopika Somo la Wafula

Nyinyi vijana mnaosomea ualimu wa watoto wadogo huko chuo kikuu, na nyinyi mnaowacheka, wote mnisikilize. Naandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kama punje za mahindi, na naandika polepole. Msinikimbize.

Juzi mjukuu wangu Nanjala alikuja likizo na katoni imejaa vifuniko vya soda, magunzi na vipande vya kitambaa. Anasomea ualimu, ni mwaka wake wa pili. Mjomba wake Simiyu, kitinda mimba wangu, akachungulia ndani ya ile katoni akashika mbavu.

"Ati chuo kikuu! Miaka minne ya kuokota takataka? Si hata kuku wangu wanaweza hiyo kazi, bana!"

Watu wa nyumba wakacheka. Mimi sikucheka. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema kabla Simiyu hajazaliwa, na aibu yaliyoniletea naikumbuka mpaka leo.

Mwanangu, kuna asubuhi moja hainitoki kichwani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wafula amenioa hata mwaka haujaisha. Yeye alikuwa akilima kwa ng'ombe katika shamba la Mzungu, mahali panapoitwa Kwanza, halafu misheni ikamchagua aingie chuo cha walimu karibu na Bungoma, akafunzwe kufundisha madarasa ya chini. Wanafunzi waliooa walipewa vyumba vya udongo nyuma ya chuo. Tulikaa humo watu watatu: Wafula, mimi, na shangazi yake mjane ambaye sote tulimwita Senge.

Nilidhani bwana yangu atarudi jioni amebeba vitabu vizito. Wapi! Alirudi na udongo mikononi. Anafinyanga ng'ombe wadogo. Anaimba wimbo wa sungura huku anaruka katikati ya nyumba, mwanaume mwenye ndevu! Wanawake wa kisimani wakaniuliza, "Wewe, huyo bwana yako anasomea ualimu ama anasomea utoto?" Nilicheka nao, lakini ndani niliungua.

Kisha yakaja maharagwe. Wiki nzima Wafula aliyachambua moja moja, yaliyotobolewa na wadudu akayatupa, mazima akayaweka katika kikapu karibu na mlango. Akaniambia wazi: "Kesho msimamizi anakuja kuniangalia nikifundisha hesabu ya kutoa. Nikianguka hapo, tunarudi Kwanza kwa jembe la ng'ombe. Senge ataniletea hiki kikapu saa nne akitoka shambani. Wewe usikiguse."

Alfajiri akatoka kwenda kufagia darasa. Nikabaki nakitazama kile kikapu. Mboga nyumbani hakuna. Nikasema kwa sauti, "Mwanaume mzima na maharagwe ya kuchezea!" Nikayamimina yote chunguni nikachochea moto. Sikusahau alichosema, mwanangu. Nilikumbuka kila neno, nikapika.

Saa nne Senge akafika. Akaona kikapu kitupu, akafunua chungu.

"Haya ni ya nani?"

"Ni ya nyumba."

"Nakuuliza tena, binti uliyeolewa kutoka Bokoli."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akasema, "Ulipokuwa mdogo, kifaranga kimoja kikipotea ulijuaje?"

"Nilihesabu."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Tulikuwa tu tunacheza na vijiwe, tunarusha, tunadaka..." Nikasikia mdomo wangu mwenyewe, nikakoma.

"Kumbe," akasema Senge. "Beba chungu."

"Nipeleke wapi?"

"Kwa mwenye maharagwe. Na usiinamishe uso. Wakuone."

Basi nikaweka ngata kichwani, nikabeba kile chungu cha moto, nikavuka reli mpaka shule ndogo ambako wanachuo walijifunzia kufundisha. Watoto wa pale walikuwa wa wafanyakazi wa reli, kabila hili na lile, kwa hiyo walifundishwa kwa Kiswahili. Mimi sikuwahi kuingia darasani maisha yangu yote. Nikasimama mlangoni. Watoto wamekaa kwenye mikeka, nyuma kuna Mzungu mrefu na daftari, ndiye yule msimamizi, na mbele Wafula anachora viduara ubaoni, jasho linamtiririka.

Akanifuata mlangoni, akanong'ona, "Maharagwe yangu yako wapi?"

"Yako hapa. Yameiva."

Alifumba macho. Nilijua sasa ananifukuza mbele ya watu. Alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa!

"Watoto! Leo tunafanya hesabu ya tumbo! Kila mtu akachume jani la mgomba pale uani!"

Wee! Walitoka kama nyuki, wakarudi na vipande vya majani. Nikapita na upawa nikimgawia kila mtoto, vidole vinaungua, Wafula nyuma yangu akisema, "Kumi, kumi tu, hesabu mwenyewe!" Kisha akapiga makofi. "Kula matatu! Yamebaki mangapi?"

"Saba!" Mabati yalitetemeka.

Nami nilikuwa na kumi kiganjani. Nikala matatu. Nikatazama: saba! Nikala mawili tena, na kabla watoto hawajajibu mimi nikapaza sauti, "Matano!" Darasa zima likageuka kunitazama. Sikujali. Mwanangu, sikujali hata kidogo!

Yule Mzungu akainuka, akaja mbele, akamwelekezea penseli msichana mdogo ambaye jani lake lilikuwa tupu, amelilamba. "Kumi toa kumi, inabaki nini?"

Mtoto akalitazama jani. "Njaa, bwana."

Watoto walianguka mikekani kwa kicheko. Mzungu alicheka mpaka akavua miwani. Wafula peke yake hakucheka. Alipiga magoti kando ya yule mtoto, akampa chaki. "Umesema vizuri. Sasa nenda ubaoni uchore mdomo wa chungu kisicho na kitu."

Mtoto akachora duara.

"Hiyo ndiyo sufuri," Wafula akasema. "Ndivyo tunavyoandika kwamba yamekwisha."

Mimi nilishika upawa wangu nikalikodolea macho lile duara. Kumbe hata kitu ambacho hakipo kina alama yake! Na aliyeichora alikuwa mtoto ambaye hata meno ya mbele hakuwa nayo.

Msimamizi akauliza, "Hiki chungu ulikipanga, mwalimu?"

"Hapana, bwana. Mke wangu alipika vifaa vyangu."

Akanigeukia. "Kwa nini, mama?"

"Nilifikiri anacheza."

"Na sasa?"

"Sasa naomba kumi mengine."

Siku ya kufunga chuo jina la Wafula lilisomwa pamoja na waliofaulu, nami nikapiga vigelegele mpaka wanawake wa kisimani wakaniambia nitapasuka koo. Kule Kwanza hatukurudi tena. Alifundisha madarasa ya chini mpaka nywele zikawa nyeupe, na mimi pia alinifundisha, kwa maharagwe yale yale, mabichi safari hiyo.

Kwa hiyo nasema, na sitarudia. Wewe unayejifunza kufundisha wadogo, usione haya kuimba, kufinyanga wala kuokota vifuniko. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kitu kikiharibika asubuhi ya somo, fundisha kwa hicho kilichoharibika. Mtoto akikujibu "njaa", usimcheke, mpe chaki. Na wewe unayewacheka, aliyekufundisha hizo tarakimu za simu yako alianza na wewe mkekani.

Mungu awape sauti isiyokauka, magoti yasiyochoka kupigwa chini, na watoto wenye maswali mengi.

Watu wa nyumba hii nimekwisha kuwaambia leo asubuhi: katoni ya Nanjala haiguswi, haiwashiwi moto, haisogezwi. Na wewe Simiyu, kaa hapo chini kwenye mkeka, utoboe vile vifuniko vyote uvitunge kwenye kamba, kumi kumi. Na uhesabu kwa sauti, nisikie.