Korongo la Shambani Kwangu

Siku hizi nikikaa kibarazani simalizi kikombe cha chai. Nainuka, nakwenda kulitazama korongo, narudi, nainuka tena.

Mwaka juzi tulijitolea watu sita kufuata kijito chetu kutoka vilima vya Butiama mpaka kinapoingia ziwani, tujue tope na uchafu vinatoka wapi. Aliyetuongoza ni mwalimu mstaafu, mama mmoja wa Bunda. Fundi mwashi wa Musoma alishika fimbo ya kupimia makorongo. Mimi nilipewa karatasi na kalamu, maana nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Kila tulipokuta tope linaingia majini tulisimama, fundi akapima, nikaandika chanzo: shamba, njia ya mifugo, shimo la mchanga, waosha dhahabu.

Siku ya tatu tukafika kwangu.

Shamba langu ni ukanda mwembamba, unaanzia mlimani na kuishia kijitoni. Baba aligawa hivyo ili kila mtoto wa kiume apate udongo wa juu na wa bondeni. Kwenye ukanda kama huo ng'ombe wa jembe wanasumbuka kugeuka, kwa hiyo miaka yote nililima kwa urefu, toka juu mpaka chini. Baba alikuwa amepanda mistari ya mkonge katikati kuzuia maji. Niliing'oa nipate nafasi ya mihogo.

Fimbo ilizama yote korongoni. Fundi akachungulia. "Mzee, hapa tunaezeka tu. Kuta unazo tayari."

Wenzangu wakacheka. Mwalimu akauliza tuandike nini. Kando ya korongo ilipita njia ya ng'ombe wa shemeji yangu, mjane wa kaka.

"Ng'ombe hao," nikasema, nikaandika: njia ya mifugo.

Kamati ya kijiji ikaiziba njia ile kwa miiba. Shemeji akawa anazunguka kilima kizima kuwanywesha ng'ombe wake sita, na miguu yake ni mibovu. Siku moja akaja kwangu, akakataa kiti.

"Mume wangu alikuwaga anachunga ng'ombe wa baba yenu peke yake ili wewe usome. Leo kusoma kwako kumefunga njia ya ng'ombe wake."

"Ni kamati, shemeji."

"Kamati haina mwandiko. Karatasi imebandikwa ofisini, nimeuona wako."

Mvua za masika zikaja. Kwato hazikupita pale tena, na korongo likazidi kula. Nilisimama kwenye mvua nikatazama maji mekundu yakiteremka katika mistari ya jembe langu, yote yakikimbilia sehemu moja. Ningependa kusema kwamba siku hiyo ndipo nilipogundua. Sikugundua kitu. Nilijua tangu fimbo ilipozama.

Bado niliacha mikutano miwili ya kijiji ipite. Wa tatu, mwalimu akiwepo, nikasimama.

"Korongo lile limetoka shambani kwangu. Ng'ombe hawahusiki."

"Kaa, mzee, umechoka," mtu akasema nyuma.

"Sijachoka. Niliandika uongo."

Mwalimu hakunigombeza. Alitoa karatasi mpya mkobani, akaniwekea mezani. "Andika upya, tukiona." Nikaandika chanzo: shamba langu.

Miiba iliondolewa. Lakini shemeji alikuwa ameshauza ng'ombe wawili, ameshindwa kuzunguka.

Sasa nalima kwa upana, kuukata mlima, na mkonge nimeupanda tena. Ng'ombe wa jembe wanageuka kila baada ya hatua chache, wanakasirika, na mimi mgongo unaniuma. Korongo liko palepale. Jana shemeji alipita na wanne wake, akasimama kunitazama.

"Unageukageuka sana."

"Ndiyo, shemeji."

"Geuka tu," akasema, akawaswaga ng'ombe kwenda majini.