Go

Shida yangu ilianza nikiwa na miaka tisa. Shuleni Makadara, aliyeongea lugha ya nyumbani alivishwa shingoni mfupa wa ng'ombe unaonuka, mpaka amnase mwingine akiiongea. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuuvua. Mama akasimama nje ya seng'enge na furushi, akaniambia kwa Kikamba, "Mwanangu, naondoka. Niage basi."

Wenzangu walinikodolea macho. Nikamjibu kwa Kiingereza nilichokuwa nacho: "Go."

Akaenda. Hakurudi.

Jana mjukuu wangu alifungua kamusi mpya ya Kiingereza, inanuka gundi. "Babu, cheki, hii go iko na maana kibao, kurasa mbili!"

Nikamsogelea. "Tafuta ya kumuaga mama."

Akasoma zote. "Haiko, Babu."

Leo nina ghorofa Donholm, duka la vyuma Majengo, na hiyo kamusi.