Siku Tatu za Kurekodi Sauti Yake

Mwimbaji bora wa roki niliyewahi kumsikia kwa masikio yangu alikuwa akishona sare za shule pale mji mdogo wa Kabati, na karibu hakuna aliyejua. Mimi ni mwalimu wa hesabu upande wa Tulia, na kanisani napiga gita. Ndiko nilikomkuta. Kwenye kwaya walimtumia kuziba mapengo. Soprano wakipungua, alipanda huko juu; besi ikilegea, alishuka akasimama na wanaume. Kwa kuwa aliweza kuimba popote, hawakumpa mahali pake hata siku moja.

Jumamosi moja baada ya mazoezi, wengine wakiwa wameenda zao, nilibaki nikipiga vipande vizito vya roki ambavyo nisingethubutu kuvipiga Jumapili. Yeye alikuwa akikunja majoho. Bila kuniuliza, akaanza kuimba juu ya gita langu. Hakuwa na maneno, sauti tu. Ilianza laini, ikapanda, kisha akaipasua ikatoka na mikwaruzo kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na bado noti haikuyumba. Niliacha kupiga.

"Mbona umesimama, mwalimu?"

"Hii umejifunza wapi?"

"Kwa redio ya kaka yangu. Nilikuwa naimbia ng'ombe huko Ikutha. Hao hawakatazi mtu."

Tulipata mpiga ngoma na mpiga besi, tukawa bendi. Mara ya kwanza tulicheza mjini Wote, mchana, katika ukumbi wa hoteli, na watu hawakufika ishirini. Wimbo wa pili haujaisha, mzee mmoja akapaza sauti, "Tuwekeeni ya Kikamba!" Wenzangu walikasirika. Yeye alicheka, akachukua wimbo wa harusi ambao kila bibi wa Ukambani anaujua, akauimba polepole kama anabembeleza, halafu akatupa ishara tuingie kwa nguvu zote. Yule mzee alisimama. Alibaki amesimama hadi mwisho, kofia mkononi. Kisha watu wakala chakula chao wakaondoka, na hatukuitwa tena.

Habari zilifika kanisani kabla yetu. Wazee walimwita, nami nikaitwa kama shahidi.

"Dada, ile sauti si ya mtu aliyeokoka," akasema mmoja wao.

"Ni hii hii naimbia hapa," akajibu.

Walimsimamisha kwaya. Mimi hawakunisimamisha, maana mpiga gita mwingine hawakuwa naye. Jumapili iliyofuata nilipiga kama kawaida, naye akakaa benchi la nyuma, mdomo umefungwa. Sijawahi kujisamehe kwa hilo.

Baada ya miezi michache sauti yake ilianza kukatika, hata akizungumza. Alidhani ni vumbi la vitambaa. Alikunywa tangawizi, akanywa asali, akanyamaza wiki nzima. Hatimaye nilimsindikiza Kitui kwa daktari. Aliporudi chumba cha kungojea alikaa kando yangu akitazama viatu vyake.

"Kuna uvimbe kwa nyuzi za sauti. Lazima utolewe haraka, usije ukawa kitu kibaya. Na wakitoa, anasema nisitegemee kuimba." Akanishika mkono kwa nguvu. "Mwalimu, hakuna mahali hata pamoja nimerekodiwa."

Ilikuwa kweli. Miaka yote ile, hatukuwa na hata dakika moja.

Upasuaji ulikuwa baada ya siku tano. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hivyo tulichukua darasa moja, tukaziba madirisha kwa magodoro, tukaunganisha kipaza sauti na kompyuta yangu. Baada ya matayarisho zilibaki siku tatu. Ili asipoteze sauti, hakusema neno. Aliandika kwa chaki ubaoni: *Anza tena. Haraka kidogo. Hapana, hiyo nilikosea, futa.* Halafu aligeuka na kuimba.

Siku ya kwanza aliimba zile nzito, kwa hofu kwamba hazingekuwepo kesho. Siku ya pili sauti ilipasuka katikati ya wimbo na haikurudi. Alijaribu mara nne. Mara ya nne ilitoka hewa tupu. Alipiga ubao kwa ngumi hadi chaki zikaanguka chini.

"Wacha, tafadhali," nikamwambia. "Utajiumiza."

Aliokota kipande cha chaki, akaandika: *Niitunzie nini sauti hii?*

Nikawasha mashine.

Siku ya tatu sauti ya juu ilikuwa imekwisha kabisa, akabakiwa na ya chini tu. Akazigeuza nyimbo zote zilizosalia zikae huko chini. Ule wa harusi aliuimba karibu kwa mnong'ono, na mpiga ngoma, mtu ambaye sijawahi kumwona akihuzunika kwa lolote, alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Tulipata nyimbo tisa.

Walitoa uvimbe, na haukuwa ule ubaya tuliouogopa. Mwili wake ulipona. Sauti iliyobaki ni hafifu, na wateja wanalazimika kusogea karibu ndipo wasikie bei ya sketi. Nilipeleka nyimbo zile redio mbili. Mtangazaji mmoja alisikiliza nusu dakika. "Anajua kuimba," akasema, "lakini hii nani ataisikiza huku?" Nilimwomba asikilize hadi mwisho. Nilimsihi, mtu mzima, mbele ya mlinzi. Akanirudishia flashi yangu.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani bila taarifa. Tangu upasuaji hakuwa amekubali kuzisikia. Nilimpa vipokea sauti vya masikioni, akasikiliza zote tisa macho wazi, bila kutikisika. Niliogopa kumtazama. Alipovivua alisafisha koo, na nikainama ili nimsikie.

"Gita lako hapa liko juu sana," akasema. "Linanifunika."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Nililitoa gita kwenye mfuko wake. Alivuta kiti akakaa karibu na goti langu, akaweka kiganja juu ya nyuzi, akanionyesha nipige kwa ulaini gani.