Siku Niliyorudisha Mabenchi

Mwaka ule wa korona nilikuwa bwana afya Kibiti. Kazi yangu ilikuwa kukagua migahawa, mabucha na baa: naingia jikoni, nafunua masufuria, naangalia choo, nauliza wapishi kama wamepima afya zao. Watu wa biashara ya chakula hawampendi bwana afya, ila wanamkaribisha chai, na mimi nilishazoea kupendwa kwa namna hiyo. Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa kwenye baridi ya Njombe. Kufikia wakati huo nilikuwa na miaka minane Kibiti, nakula wali wa nazi asubuhi kama wenyeji.

Ugonjwa ulipoingia tulipewa barua yenye mhuri. Wateja wasikae kula. Chakula kifungwe, mtu aondoke nacho. Kila mlango uwe na ndoo ya maji yenye koki, na sabuni. Niliipeleka mwenyewe mlango kwa mlango, barakoa ya kitambaa usoni, na karibu wote walitii. Aliyekataa ni mama mmoja wa Kindengereko mwenye mgahawa ng'ambo ya stendi, meza tatu na mabenchi sita. Na huko ndiko mimi mwenyewe nilikokuwa nakula mchana, karibu kila siku ya kazi.

"Bwana Afya," aliniambia, "mie nikitoa mabenchi hawa watu wale wapi? Wachuchumae kama kuku?"

Nilimwonya mara ya kwanza, nikamwonya mara ya pili. Mara ya tatu nilikuja na guta la mizigo na mgambo wawili, tukayabeba mabenchi yote kuyapeleka stoo. Kwenye benchi la mwisho alikuwa amekaa babu mmoja, mteja wa kila asubuhi. Alikuwa mkata mikoko zamani, huko kwenye visiwa vya delta, mpaka mguu ukamharibikia, akahamia Kibiti ili awe karibu na kliniki. Alipanga chumba nyuma ya msikiti, peke yake. Mtu wa maneno mengi sana. Angeweza kukusimulia habari za mashine ya boti iliyomsumbua miaka ishirini iliyopita, tangu ilipozima hadi ilipowaka, bila kuruka kitu.

"Shikamoo babu," nikamwambia. "Naomba benchi."

"Marahaba. Ngoja nimalize chai."

Nilisimama pale nikamngoja. Mgambo nao wakasimama. Alikunywa taratibu, akafuta kikombe kwa kidole, akainuka kwa kushika meza. Benchi likaondoka. Yeye akabaki amesimama na fimbo yake, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa kesho nikae wapi?" Nilimwambia atakuwa anafungiwa chakula aende nacho nyumbani. Akasema haya.

Miezi iliyofuata nilijipikia chumbani, ugali na dagaa, ugali na mchicha, nikila nimesimama dirishani kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinitia unyonge. Kila nikisikia kikohozi cha jirani nahesabu amekohoa mara ngapi. Nilijifukiza majani ya mwarobaini na mchaichai chini ya blanketi mpaka macho yakavimba. Mchana nilizunguka kukagua ndoo.

Halafu siku moja tukasikia redioni kwamba watu warudi kwenye shughuli zao. Asubuhi yake, Jumamosi, bosi wangu akaniita.

"Waambie wafungue. Wakalishe watu kama zamani."

"Barua iko wapi, mkuu?"

"Barua ya nini? Redio hukusikia?"

"Nimesikia. Na ugonjwa umekwisha?"

Alipanga karatasi zake mezani, akazipanga tena. "Waambie wafungue," alisema, "lakini ndoo zibaki."

Nilitoka nje nikakaa juu ya pikipiki muda mrefu bila kuiwasha. Kama ugonjwa ulikuwa umekwisha, ndoo zilibaki za nini? Na kama haukwisha, mabenchi yalirudi kwa sababu gani? Nilikuwa nimesomea kazi hii, nina cheti, na swali dogo kama hilo lilikuwa limenishinda.

Nilianzia Bungu, mji mdogo wa jirani, kwenye baa moja ya barabarani ambako walimu na manesi wenzangu wa kutoka bara walizoea kukutana Jumamosi mchana. Nilikuta muziki umeshafunguliwa na watu wamejaa, wanakumbatiana kama waliotoka safari ndefu. Dada mhudumu alinitazama, fomu zangu kwapani, barakoa yangu kidevuni.

"Leo umekuja kukagua au kunywa?"

Mwalimu mmoja rafiki yangu akanivutia kiti, nikakaa. Alininyooshea mkono, mimi nikanyoosha kiwiko, yeye akageuza kuwa kiwiko wakati mimi nimeshanyoosha mkono. Tukacheka. Tuliagiza nyama choma, ikaja kwenye sahani moja na vijiti, na kwa dakika chache nilijisikia mtu tena. Ndipo yule mwalimu alipopaliwa na pilipili, akakohoa. Alikohoa sana, machozi yakamtoka. Meza yetu ikanyamaza, na meza ya jirani nayo ikanyamaza. Mtu mmoja akasogeza kiti nyuma, si mbali, kiasi cha shibiri mbili.

"Ni pilipili," alisema mwalimu alipopata sauti. "Jamani, ni pilipili."

"Si umeambiwa imeisha?" mtu akamjibu, na kila mtu akacheka kwa nguvu kuliko maneno yenyewe yalivyostahili. Ila aliyesogeza kiti hakukirudisha. Nyama iliyobaki kwenye sahani ile hakuna aliyeimalizia, hata mimi.

Jumatatu asubuhi nilipakia mabenchi sita kwenye guta, nikaenda nayo stendi. Yule mama alikuwa anachoma chapati. Hakuinuka.

"Nimekuletea mabenchi yako, mama. Fungua, kalisha watu."

"Nani kasema?"

"Imetangazwa."

"Wewe uliponinyang'anya ulikuja na karatasi. Ilikuwa na mhuri, ukanisainisha. Ya leo iko wapi?"

"Ya leo hakuna karatasi. Wametangaza tu."

"Basi niandikie weye. Andika ugonjwa umekwisha, tia sahihi, nibandike hapa mlangoni. Mteja wangu akiugua nijue pa kwenda."

Kalamu nilikuwa nayo mfukoni. Karatasi nilikuwa nazo. Abiria wawili wa basi la Lindi walikuwa wamesimama wakila chapati kwenye gazeti, wakitutazama. Ningeweza kuandika sentensi moja tu na kwenda zangu, na hakuna ambaye angenilaumu. Mkono haukuinuka.

"Siwezi kuandika hivyo, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui."

Nilidhani atanitukana. Alipindua chapati, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Alaa," alisema. "Kumbe na wewe hujui." Kisha akawaambia vijana wa guta washushe. Mabenchi yalipopangwa akafuta moja kwa kitambaa, akalipigapiga kwa kiganja.

"Kaa."

"Niko kazini, mama."

"Mie sikalishi mtu wa watu hapa kabla hujakaa weye. Ulikuwa unakula wapi siku zote hizi? Kaa ule, wakuone."

Nikakaa. Aliniletea wali, samaki wa kuchemsha na kachumbari, nikanawa kwenye ndoo niliyomlazimisha kuiweka. Nilipoingiza tonge la kwanza mdomoni nilijiuliza maswali ya kipuuzi ambayo sikuwahi kujiuliza: nani ameosha sahani hii, nani amekata kitunguu, yule abiria katoka wapi. Lakini wali ulikuwa wa moto na nazi ilikuwa imekolea. Nikala wote. Abiria wale wawili wakaja wakakaa benchi la pili, halafu dereva wa bodaboda, halafu wengine, na kelele za mgahawa zikarudi kidogo kidogo.

Mama alikuja kukaa mbele yangu, mikono ina unga. Nilimuuliza kuhusu yule babu, kwa kuwa ulikuwa muda wake na sikumwona.

"Huna habari?"

"Sina."

"Alikufa yule. Mwezi wa pili tangu utoe mabenchi."

Aliniambia habari yote bila kupandisha sauti. Siku za mwanzo babu alikuja, akafungiwa chapati, akaenda nazo. Akawa anakuja siku moja moja. Mguu ulimuuma, na bila pa kupumzika safari ile ilimshinda. Alipoacha kabisa kuja, mama alidhani amerudi kwao visiwani. Kumbe alikuwa ndani, ana homa. Mwenye nyumba alipomgundua alikuwa hasemi tena, na jioni ile ile akafariki. Ndugu zake walikuja kumchukua wakaenda kumzika kwao.

"Alikuwa anakohoa?" nilimuuliza.

"Hayo sijui. Mie sikumwona. Ndiyo n'nayokwambia: angekuwa anakuja kukaa hapa, siku moja tu asipotokea ningeuliza. Ningemtafuta." Alikwangua unga kwenye kidole. "Sikulaumu, Bwana Afya. Nakwambia tu ilivyokuwa."

Nililala na jambo hilo siku nyingi. Nikifikiri upande huu, nilimtoa mzee mlemavu mahali pekee alipokuwa anaonekana na watu, akafa bila mtu kujua. Nikifikiri upande ule, benchi lile kila asubuhi lilikalisha watu wa mabasi wa kutoka Dar, bega kwa bega naye, na huenda angeugua mapema zaidi. Huenda ilikuwa malaria. Huenda ulikuwa umri. Hakuna aliyempima. Kila nikijaribu kupima ubaya wangu au wema wangu, napata jibu jingine.

Mwisho niliomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda bandarini Nyamisati, nikapanda boti ya mashine kwenda kisiwani kwao yule babu kutoa pole. Tulisubiri maji yajae ndipo tukapita kwenye vijito vya mikoko, kona kwa kona, mpaka nikapoteza kabisa mahali tulipotokea. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu. Ningejitambulisha, ningesema ni mimi niliyetoa benchi, kisha wao waamue.

Binti wa babu, mama mtu mzima sasa, alinipokea ukumbini. Nilianza maneno yangu, nikafika pale pa mabenchi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

"Kwa hiyo huko Kibiti mlifunga hoteli?" aliniuliza.

"Tulifunga."

"Huku hatukufunga kitu. Tulisikia kwenye redio tu. Kwani ni kweli ulikuwepo?"

"Ugonjwa?"

"Eeh."

"Ulikuwepo," nilisema, na nikasikia sauti yangu haina nguvu niliyoitaka. "Upo. Nadhani upo."

"Na umekwisha?"

Mume wake, aliyekuwa amekaa mlangoni akishona wavu, aliinua uso kusubiri jibu. Wote wawili walinitazama kwa heshima, maana mimi ndiye mtu wa afya, nimevuka maji kuja.

"Hapo ndipo sijui," nilisema.

Mume alitikisa kichwa, akarudi kwenye wavu. Niliuliza kuhusu babu, alikufa na nini hasa. Binti akasema baba alikuwa mtu mzima, siku zake zilifika, na kwamba nimefanya vizuri kuja. Nilitaka aulize zaidi. Nilitaka anikasirikie, au aniambie waziwazi kwamba sikukosea, lolote kati ya hayo mawili. Badala yake aliita watoto wateke maji ya kunawa.

Chakula kililetwa kwenye sinia moja, wali na kamba wa nazi, tukakaa mkekani wanaume watano: mume wa binti, shemeji zake wawili, mzee wa jirani na mimi. Mikono mitano ikaingia kwenye sinia. Wangu ulichelewa. Shemeji mmoja alinisukumia kamba wakubwa upande wangu, kama mgeni anavyofanyiwa, akisema, "Kula, bwana, usione haya." Akafikiri naona haya.

Nilikula. Yule mzee wa jirani alikuwa na kikohozi kidogo, cha tumbaku labda, na kila akikohoa aligeuza uso begani kwa adabu kisha akarudisha mkono kwenye wali. Nilimtazama kila mara, nikajichukia kwa kumtazama, na sikuacha. Tulipomaliza tulinawa, tukashukuru, na mume wa binti akanisindikiza hadi kwenye boti. Maji yalikuwa yanaanza kupwa na nahodha alikuwa ananiita niharakishe.

"Ukirudi tena," mume aliniambia, "ukiwa umeshapata uhakika wa ule ugonjwa, utuambie."

Nilimwambia nitamwambia. Boti ikaondoka.