Kamioneti Iliyonyamaza Mbele ya Bwana

Kila asubuhi ilikuwa vile vile. Nawasha kamioneti, gari ndogo ya mizigo, kiwanjani kwa bwana, na moteri inaanza: tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Halafu bwana anatoka na kofia yake, na moteri imenyamaza. Laini kabisa.

Bwana alikuwa muzungu aliyenunua mpunga Luvungi, kule bondeni, na kuuza mchele hapa Bukavu. Mimi nilikuwa shofere wake. Muzee aliyenifundisha usukani alinionya tangu mwanzo: gari unaiwasha mapema, unaiosha, unaiacha ipate joto, ili bwana asiikute inakohoa. Mashofere wote tulifanya hivyo, na mimi nilipenda sana saa ile. Ukungu ungali juu ya ziwa, napangusa vioo huku nikijiona naingia mjini Usumbura, watu wananipungia mikono.

Mara tatu nilimwambia bwana habari ya ule mlio. Mara tatu alitega sikio asisikie kitu.

"Wewe iko muongo," alisema mara ya tatu. "Hautaki kushuka Luvungi. Ukisema tena, unarudi kubeba magunia, na mwingine anashika usukani."

Magunia nilikuwa nimeyabeba miaka miwili. Mgongo wangu uliyakumbuka vizuri.

Nilipopita gereji pale Nyawera, moteri ilikuwa kimya tena. Mekanisiye, fundi wa pale, alisikiliza, akacheka.

"Papa, hapa hakuna kitu. Ni meno yako inagongana na baridi!"

Nilicheka naye, lakini nilifika nyumbani nimechanganyikiwa. Nikamwomba mke wangu anong'one nyuma ya mlango, nijue kama masikio yangu ni mazima.

"Ulisikia nini?" akauliza.

"Unasema uliolewa na kichaa."

"Basi masikio iko muzuri."

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuosha gari kwenye mvua kwa nini? Sikuiwasha. Ghafla bwana akatoka, akaingia, akasema twende. Nikawasha mbele yake: tik, tik, tik!

Akawa mwekundu. "Umefanya nini gari yangu?"

Hapo akili ilinitoka kabisa. Jana nilikuwa muongo wa mlio, leo mimi ndiye niliyeuleta.

Tulipanda matopeni hadi gereji. Tulipofika, kimya.

"Ilikuwa inalia!" bwana akamwambia mekanisiye. "Mimi mwenyewe nilisikia!"

Mekanisiye hakuthubutu kumcheka muzungu. Alimtazama tu, kwa upole ule wa kumtazama mgonjwa. Nilimhurumia bwana, amesimama mvuani anaapa, na hakuna anayemwamini. Nikasema, "Ni kweli, iko inalia." Akanigeukia kwa haraka, kama mtu aliyepata ndugu ugenini.

"Basi tuiache ipoe," mekanisiye akasema, kwa sababu sasa tulikuwa wawili.

Bwana alikaa juu ya sanduku, mimi juu ya gurudumu. Karibu na saa sita mchana mekanisiye akawasha: tik, tik, tik. Akatuita, akatuonyesha masizi meusi ubavuni mwa moteri, kwenye kile chuma kinachokusanya moshi. Buloni moja, bolti inayokikaza, ilikuwa imekatika.

"Ikiwa baridi, chuma inaachana kidogo, moshi inatokea hapa, inagonga. Ikipata joto, chuma inavimba, inajifunga yenyewe."

Bwana akanitazama. "Wewe unawasha saa ngapi?"

"Mapema, mbele utoke, bwana. Ili ikupokee vizuri."

"Nani alikuambia?"

Nikamkumbuka yule muzee wa usukani. Mashofere tulifanya hivyo wote, kwa heshima ya mabwana. Sikuwa nimewaza kwamba labda wao hawakujua.

Mekanisiye alitia buloni mpya, na ilipopoa tukaiwasha tena: haikulia. Bwana akaninyooshea ufunguo.

"Kesho Luvungi."

Niliupokea kwa mikono miwili. Kama bado nilikuwa muongo, hakusema. Kama kesho niwashe mapema au nimngoje, hakusema pia, na mimi nilikuwa na furaha nyingi mno, sikuweza kuuliza.