Simu Niliyoifunga Mwenyewe

Mi sikusoma sana. Darasa la nne kule Fizi, Kongo, njo ulikuwa mwisho wangu. Lakini hapa Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nimesimamisha karakana ya ushonaji kwa mikono hii miwili, na simu nimejifundisha mwenyewe. Hakuna aliyenionyesha.

Simu yangu hiyo, kwaya yetu nzima ya kanisani iliitumia. Mtu anafungua barua pepe yake, anasahau kutoka, anayefuata anasoma siri zake. Ugomvi ulitokea mara mbili. Basi nikaingia kwenye mipangilio nikazima kila kinachobaki nyuma, hata zile zinazoitwa kuki. Amani ikarudi, na nilijisifu mbele ya kwaya.

Halafu mke wangu, aliyemaliza sekondari Bukavu, akapata nafasi ya kusomea ualimu kwa mtandao. Alitakiwa kuingia kwenye tovuti ya chuo na kukubali kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nafasi apewe mwingine. Kuanzia Jumanne akawa anaandika nywila, ukurasa unazunguka, unamrudisha palepale: andika nywila. Haukusema amekosea. Ulimwuliza tu upya.

"Papa, we si njo fundi wa simu?" akaniuliza.

"Ni rezo ya huku, mtandao hauna nguvu. Twende Lilongwe."

Ijumaa asubuhi tukafika soko la Tsoka mjini humo, kwa mama mmoja wa Bukavu anayechapia watu barua. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta yake imekufa. Akaomba simu, akaigeuza-geuza.

"Nani alifunga kuki humu?"

"Mi mwenyewe," nikasema, kifua mbele.

"Basi we njo unamufungia mama mulango. Akiingia, chuo kinaacha alama kwa simu, kimutambue akienda ukurasa mwingine. Simu yako inakataa ile alama. Chuo kinamuona mugeni kila saa."

Kabla hajamaliza, nilikuwa nimeshaelewa. Mimi nikipokea kitambaa, nakata kipande kidogo nampa mwenye nguo, maana wengi hawasomi risiti. Akirudi nacho, nalinganisha, nampa nguo yake. Asiye nacho, namwuliza mambo yote upya.

Nikawaeleza hivyo. Yule mama akapiga makofi. Mke wangu hakupiga.

"Kumbe siku ine zote we njo ulikuwa unaninyang'anya kipande mulangoni!"

Yule mama akaruhusu kuki, akafunga kila kitu, akafungua upya. Mke wangu akaandika nywila herufi moja moja. Ukurasa ukazunguka. Mara jina lake likatokea, na chini yake kitufe cha kukubali. Akakibonyeza, akasoma kwa sauti kwamba nafasi imethibitishwa. Akasoma tena, kana kwamba ingefutika.

"Zikomo, mama, zikomo," nikamshukuru kwa lugha ya huku, nikakalia kiti bila kukaribishwa.

Siku zile zote mke wangu alikuwa anaonja chakula tu na kusukuma sahani. Mchana ule, hapo sokoni, alimaliza nsima yake, ugali wa huku, na samaki, akavuta sahani yangu. Nikamwachia.