Makayabu Mbele ya Hakimu

Kosa langu katika nchi hii ya Wazungu nililitenda kwa samaki. Ndani ya tramu, mkaguzi wa tiketi alinishika mkono nikiwa bado natafuta kadi yangu, akasema mfuko wangu unanuka, nami nikamtandika nao begani. Mfukoni mlikuwa na makayabu, samaki wa chumvi aliyekauka hadi akawa ubao. Nilimpiga, sikatai. Mahakama ikanihukumu, ikaandika, na maandishi yakabaki.

Miaka ile nilikuwa nafagia ofisi karibu na kituo cha Schuman, na vumbi halikujali nimempiga nani. Baadaye nikasomea kazi ya kutunza wazee, nikafaulu, na nyumba moja ya wazee kule Evere ikanipenda. Mkurugenzi akasema nilete casier safi, ile karatasi ya serikali inayoonyesha huna kosa, na nafasi ni yangu. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile.

Kusafisha casier, unaandika barua mahakamani kumwomba hakimu akufutie kosa. Na sisi watu wa Lubumbashi tunaosali pamoja mtaa wa Ixelles, barua zina mwenyewe. Ni shemasi wetu, tonton, yaani mjomba, wa watu wote, aliyetuandikia za shule, za viza, hata za talaka. Kifaransa changu ni cha sokoni. Chake kinavaa tai. Alinisomea ukurasa wa kwanza, nao wote ulikuwa salamu kwa hakimu. Nikasaini kurasa nne. Kumkagua tonton ni kumtukana, na mimi nimelelewa vizuri, ukiacha siku ile ya tramu.

Nilichosahau ni ushuhuda. Kanisani kwetu anayesimama kushuhudia huanza na dhambi zake, na amina hupimwa kwa ukubwa wa dhambi. Ukikiri umbea, unapewa amina nyembamba ya watu wanaotazama saa. Ukikiri bangi na visu, kanisa zima linasimama. Shemasi hajui namna nyingine ya kueleza kwamba mtu amebadilika.

Siku ya kusikilizwa, hakimu, mama mwembamba mwenye mafua, aliifungua barua yangu kwa ncha za vidole.

"Madame," akasema, "hapa umeandika kwamba uliongoza genge, ulilala ndani ya pombe, na mikono yako ililowa damu. Faili langu lina samaki tu. Hiyo damu ni ya nani?"

Niliiona Evere ikiniponyoka. Nyuma yangu shemasi, ndani ya suti yake ya harusi, akaitikia kwa sauti nzito: "Amina."

"Madame le juge," nikasema, "makayabu hana damu. Ni mkavu."

Kisha nikamweleza habari za ushuhuda, genge nisilolijua na amina nyembamba, huku nikilia kwa aibu na hasira. Akapenga kamasi, akaandika kitu, akaita faili linalofuata.

Nje nilimgeukia shemasi, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Alinisubiri nimalize.

"Maman, ukianguka mu kashimo kadogo, Mungu akikutosha inje, nani atashangaa? Il faut shimo murefu, lazima."

Baada ya wiki kadhaa jibu likafika: kosa limefutwa. Nikapata kazi yangu. Shemasi akaamini kwamba ni barua yake iliyoshinda, na Jumapili akaniita mbele, akatoa nakala, akaisoma yote, genge, pombe na damu. Nilipaswa kumkatiza. Lakini kanisa zima lilisimama, amina ikatikisa madirisha, nami katika maisha yangu sijawahi kupewa amina kama ile. Nikainua mikono, nikaipokea.

Siku hizi kule Evere wazee huvua pete zao na kuniwekea kiganjani nikianza kuwaogesha. Serikali imesahau hata samaki. Kanisani, mama anayekaa karibu nami hunisalimu kwa upendo mwingi, ananishukuru kwa ushuhuda wangu, kisha anauhamishia mkoba wake upande wa pili.